Kupima mwanga wa jua siku ya kupatwa: kwa mnaoanza

Mkisikia jua litafunikwa "asilimia 97", ulizeni kwanza: asilimia 97 ya nini? Mara nyingi ni ya kipenyo, ilhali kifaa chenu kinapokea mwanga wa uso mzima. Septemba 1, 2016, kupatwa kipete (mwezi hauzibi jua lote, huacha pete ya mwanga pembeni) kulipopita kusini mwa Tanzania, Rujewa ikiwemo, kipenyo cha mwezi kama kinavyoonekana angani kilikuwa zaidi kidogo ya 0.97 ya kipenyo cha jua. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe: eneo lililofunikwa ni karibu asilimia 95.

Hata hapo hesabu haijaisha, na sehemu hii ndiyo naipenda kuliko zote. Jua hung'aa zaidi katikati kuliko pembeni. Mwezi unapoanza kumega, unamega ukingo hafifu, kwa hiyo mwanga hupungua kidogo kuliko eneo. Pete inapobaki, ni ukingo huohuo hafifu uliobaki, kwa hiyo mwanga haufiki hata ile asilimia 5. Mkitumia eneo peke yake, mtakosea pande zote mbili.

Macho msiyategemee. Adhuhuri ya mbingu safi hutoa kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba; pete ile ikiacha makumi machache tu, bado kunaonekana mchana, kwa sababu mboni hupanuka.

Kupatwa huchukua kama saa tatu, na muda huo jua lenyewe linapanda au kushuka. Kwa hiyo pimeni saa zilezile siku za kabla na za baada, mchague siku ya mbingu safi, kisha mgawanye kipimo cha siku ya kupatwa kwa kile cha siku hiyo, saa ileile. Siku ya mawingu haifai. Tena vimawingu vidogo vya nchi kavu huelekea kuyeyuka wakati wa kupatwa, kwani ardhi ikipoa hewa haipandi tena.

Rekodini kila sekunde. Novemba 3, 2013, giza kamili la Pakwach, Uganda, halikufika nusu dakika. Wastani wa dakika 10 ungelifuta kabisa. Kipimajoto kikifika chini kabisa dakika kadhaa baadaye, msishtuke, hewa huchelewa.

Agosti 2, 2027 Kenya na Tanzania tutapata sehemu tu, kivuli kamili kikipita Misri, Saudia na Yemen. Anzeni kurekodi siku kadhaa kabla, futeni vumbi kwenye kioo cha piranomita (kifaa cha kupimia mwanga wa jua) kila asubuhi, na saa ya kifaa iwekeni kwa GPS.