Mume wangu ameacha unga miaka mitatu, mimi naona aibu na keki yake

*Shangazi, mume wangu alikuwa teja. Mwezi ujao anatimiza miaka mitatu tangu aache unga, na soba hausi aliyokaa, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, wanamwandalia shughuli: keki, watu, halafu asimame aeleze alivyokuwa. Mwaka jana alieleza mpaka alivyoniibia bangili zangu za dhahabu, na majirani wapo. Mimi nasema yaliyopita si ndwele, na dini yetu haina mambo ya keki. Tarehe yetu ya ndoa haikumbuki, lakini hiyo anaihesabu kama mfungwa. Alipokuwa taabani mimi nilikuwa kwetu Tanga kwa muda, mama yake ndiye aliyekuwa naye. Bangili moja ameshanirudishia. Mwaka jana alimshukuru mama yake na sponsa wake, yule mraibu wa zamani anayemwongoza, basi. Nimkataze? – Mke, Unguja*

Mwanangu, pole. Kulala na pochi chini ya mto, ndani ya nyumba yako mwenyewe, si maisha. Kwa kukimbilia kwenu sikulaumu.

Sasa tuseme kweli. Hiyo habari ya dini na keki iweke pembeni, maana nina hakika mwanao akitimiza mwaka utaikata na picha utazirusha. Kinachokuchoma umekiandika mwishoni, kwa haraka, ukidhani sitakiona: alishukuru watu wawili na wewe hukuwemo. Nami nauliza, ungekuwemo vipi? Hiyo “kwa muda” ya Tanga hukuitaja miezi yake, kwa hiyo haikuwa michache. Nani aliyemshika akiwa na arosto, anatapika, anatetemeka, anaomba kete moja tu? Mama yake. Asiyekuwepo na lake halipo.

Wala usione uko peke yako. Bill Wilson, mmoja wa waasisi wawili wa chama cha walevi waliojirekebisha, AA, kilichoanza Marekani mwaka 1935, alikuwa na mke anaitwa Lois. Siku moja alimuuliza kama yuko tayari waende mkutanoni, mama wa watu akamrushia kiatu! Baadaye alieleza mwenyewe kilichomuuma: yeye alihangaika na mumewe miaka chungu nzima asiweze kumwachisha pombe, wakaja watu wa nje wakaweza. Mwaka 1951 akawa miongoni mwa walioanzisha Al-Anon, mikutano ya jamaa za walevi, kwa sababu nao wana majeraha yao. Ila Lois, mwanangu, hakumwacha mumewe.

Unasema anahesabu kama mfungwa. Mfungwa huhesabu kwa kuwa iko siku ya kutoka. Mumeo hana siku hiyo, naye anajua, ndiyo maana kwenye mikutano yao husema “leo tu”. Waraibu wa Narcotics Anonymous, chama kilichoanza California mwaka 1953, hupewa kidude cha kutundikia funguo: cheupe siku ya kwanza, cha chungwa siku 30, chekundu siku 90, na kuendelea hadi cha mwaka mmoja ambacho hung'aa gizani, kisha cheusi cha miaka. Akirudia hata mara moja, anaanza tena na cheupe. Na akirudia kwa kipimo chake cha zamani, ilhali mwili umeshazoea kutokuwa nacho, anaweza kufa hapo hapo na bomba la sindano mkononi. Wewe unaona keki. Kijana aliyeingia soba hausi wiki iliyopita, mifupa inamuuma, anamwona mtu wa maskani yake amesimama wima miaka mitatu baadaye, amenenepa, ana mke. Shughuli ile ni ya huyo kijana kuliko mumeo.

Yaliyopita si ndwele, umesema, ukaacha kumalizia: tugange yajayo. Basi huko ndiko kuganga.

Ndoa zenu za siku hizi zinanichosha. Mtashona sare, mtakodi ukumbi, mtamlipa mpiga picha, na kila mwaka mtaadhimisha siku ambayo, ukiacha wapishi, hakuna aliyetoka jasho. Mwanamume akiadhimisha kitu anachokipigania kila alfajiri, mnaona aibu ya majirani! Majirani hao hao walikuwepo alipokuwa anauza masufuria yako. Walijua zamani.

Palipo na haki yako nitakupa. Wizi ni wake, autangaze apendavyo, lakini jina lako na dhahabu yako si lazima vipandishwe jukwaani. Mwambie usiku, mkiwa wawili, bila kelele: sema “niliiba nyumbani kwangu”, inatosha. Mtu anayekulipa bangili kidogo kidogo bila kushitakiwa atakusikia. Ulizia pia hapo soba hausi kama wana kikao cha familia, ukaseme yako kwa wanaoyajua.

Kumkataza, hapana. Utakwenda, utakaa karibu na mkweo, na akisimama usitazame chini. Kabla ya siku hiyo nunua doti ya kanga umpelekee yule mama, umshukuru kwa kinywa chako, maana aliyekurudishia mume ni yeye na sijaona mahali popote katika barua yako ulipomwambia ahsante. Ukishamaliza hilo, niandikie tena kuhusu tarehe ya ndoa.