Si Kila Maumivu ya Tumbo ni Vidonda

Watu wengi wanaoumwa tumbo kwa muda mrefu huupa ugonjwa wao jina kabla ya kupimwa, na jina hilo karibu kila mara ni vidonda vya tumbo. Mimi mwenyewe nimeugua tumbo kwa miaka mingi, na nimemuuguza ndugu wa karibu mwenye homa ya ini, kwa hiyo kila anayeniomba ushauri namsihi aliweke jina hilo kando, aeleze kwanza maumivu yako upande gani, huanza wakati gani, huzidi au hutulia akishakula, na choo chake kina rangi gani. Maelezo hayo humsaidia daktari kuliko jina lolote ambalo mgonjwa amelichagua mwenyewe.

Maswali hayo yana maana kwa sababu ya namna chakula kinavyosafiri mwilini. Mate huanza kuvunja wanga kinywani, kisha chakula hupita kwenye umio na kufika katika mfuko wa tumbo, ambako asidi kali huua vijidudu vingi na kuanza kuzivunja protini. Ukuta wa mfuko huo hauunguzwi na asidi kwa kuwa umefunikwa na ute mzito. Baada ya saa chache chakula huingia kidogo kidogo katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, na humo nyongo kutoka kwenye ini pamoja na vimeng'enya vya kongosho hukamilisha kazi ili virutubisho vifyonzwe. Utumbo mpana hubakiwa na kazi ya kufyonza maji. Asidi ikipanda kwenye umio, mtu huhisi kiungulia, hasa akilala mara tu baada ya kula. Kidonda kilicho mwanzoni mwa utumbo mwembamba mara nyingi huuma tumbo likiwa tupu au usiku wa manane na kutulia mtu akila, ilhali mawe kwenye kifuko cha nyongo huleta maumivu chini ya mbavu za kulia, aghalabu baada ya mlo wenye mafuta mengi. Dalili hizi huingiliana, ndiyo maana vipimo haviepukiki.

Kuhusu vidonda vyenyewe, imani kwamba chanzo chake ni mawazo au pilipili bado ina nguvu, ingawa jibu lilipatikana zamani. Mwaka 1982, huko Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha maabara bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na kwa kuwa wenzao hawakuamini kuwa kiumbe huyo anaweza kuleta ugonjwa, mwaka 1984 Marshall alikunywa mchanganyiko wenye bakteria hao na akapata uvimbe wa tumbo. (Sishauri mtu amwige.) Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hudhoofisha ule ute unaoulinda ukuta wa tumbo. Mtu anayezimeza kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti, huku akilalamikia tumbo, anapaswa kumtajia daktari dawa hizo kabla ya jambo lingine lolote.

Bakteria huyo hupimwa vizuri kwa kinyesi au kwa pumzi. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria huyo, na hizo huweza kubaki mwilini muda mrefu hata baada ya mtu kupona, hivyo hakifai kuthibitisha kwamba tiba imefanikiwa. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazo zinapaswa kusimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo cha kinyesi au pumzi, na antibiotiki wiki 4, la sivyo majibu huweza kuonyesha kwamba bakteria hayupo ilhali yupo. Tiba huchanganya dawa kadhaa, kwa kawaida kwa siku 10 hadi 14, na nakiri kwamba inachosha: nilikaa na ladha ya chuma mdomoni muda wote, na kichefuchefu kilinifanya nitamani kuacha mara tu maumivu yalipotulia. Anayeacha katikati huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu.

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kinapomezwa, au tumbo kukaza ghafla kwa maumivu makali ni mambo ya kwenda hospitali mara moja, bila kujaribu dawa nyumbani.

Ini ni jambo la tofauti, kwa kuwa linaweza kuharibika kwa miaka bila kuuma. Kwa mtu mzima lina uzito wa takribani kilo 1.5, hutengeneza nyongo, huhifadhi sukari na kuchuja sumu, na lina uwezo mkubwa wa kujikuza upya, jambo ambalo huficha madhara hadi yanapokuwa makubwa. Macho ya manjano, mkojo mweusi na kuvimba tumbo mara nyingi huja kwa kuchelewa. Pombe, mafuta yanayojikusanya kwenye ini pamoja na unene na kisukari, na virusi vya homa ya ini aina B na C ndivyo visababishi vikuu vya ini kusinyaa. Hata parasetamoli, ambayo wengi huiona haina madhara, huweza kuliua ini mtu akizidisha gramu 4 kwa siku. Dawa zinazotangazwa kuwa zinasafisha ini sizipendekezi kabisa, kwani baadhi ya mitishamba huliumiza ini lile lile linalodaiwa kusafishwa.

Homa ya ini aina C sasa hutibika kwa vidonge, kwa kawaida ndani ya wiki 8 hadi 12. Aina B kwa kawaida hudhibitiwa tu, lakini ina chanjo. Ndugu yangu alipogundulika kuwa nayo, watu wote wa nyumba yetu tulipimwa, na tusiokuwa na kinga tukachanjwa dozi 3 ndani ya miezi 6. Hakuna aliyemtengea sahani wala kikombe, kwa sababu virusi hivyo haviambukizwi kwa kula pamoja. Tulitenganisha nyembe na miswaki, ambavyo vinaweza kubeba damu. Mtoto mchanga anapaswa kupewa chanjo hiyo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, hasa kama mama yake ana virusi.