Maswali na majibu: Mota ya kuzunguka inayoendeshwa na gesi ya presha ndogo

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mpenzi wa kuunda vitu, nina chanzo cha hewa yenye presha ndogo tu, kama bar 0.2 hivi juu ya hewa ya kawaida, ila hewa yenyewe ni nyingi na haikatiki. Nataka kuunda mota ya kuzunguka izungushe dainamo ndogo, wati 50 zikipatikana nitashukuru. Nimefikiria kunakili zile mota za hewa za kwenye grainda za gereji, zile za mabapa yanayoteleza kwenye rota. Je itafaa, na nianzie wapi?

JIBU: Nzuri ndugu, swali lako nimelipenda sana kwa sababu watu wengi wanaingia kwenye hili jambo kwa mlango uliofungwa, wanachukua mota iliyoundwa kwa bar 6 wanataka izunguke kwa bar 0.2, haizunguki, halafu wanasema presha ndogo haina kazi. Ina kazi, tena nzuri tu, ila inataka mashine yake yenyewe.

Anza na hesabu moja rahisi kabla hujakata chuma. Kilopaskali ukizidisha kwa lita kwa sekunde unapata wati moja kwa moja. Bar 0.2 ni kilopaskali 20, kwa hiyo wati 50 zinataka lita 2.5 kwa sekunde, lakini hapo ni kwa mashine isiyopoteza kitu chochote na mashine hiyo haipo duniani. Kwa kitu cha kuunda kwa mkono kadiria ufanisi wa asilimia 40 hivi, utahitaji kama lita 6 kwa sekunde. Hakikisha kwanza chanzo chako kinatoa kiasi hicho mfululizo na presha haishuki, maana kama kinatoa lita moja tu hakuna usanifu wowote utakaokupa wati 50, hata ungechonga kwa dhahabu.

Sasa tuje kwenye mabapa. Tuseme umeunda mota inayomeza robo lita kwa kila mzunguko, ikizunguka mara 1500 kwa dakika inameza hizo lita 6 na kidogo kwa sekunde. Kila mzunguko hewa inafanya kazi ya jouli 5, na ukigawa kwa 6.28 unapata torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya niutoni mita 0.8. Weka sasa mabapa manne, kila moja linasukumwa na springi lishike ukuta kwa niutoni 10, yaani kama uzito wa kilo moja tu, msuguano uwe 0.2, na ukuta uko sentimita 5 kutoka katikati. Mabapa peke yake yanakula niutoni mita 0.4, nusu ya torki yote, na bado hatujagusa beringi wala sili ya shafti. Kwenye grainda ya bar 6 msuguano wa namna hiyo hausikiki kabisa kwa sababu torki ya hewa ni mara 30 zaidi, ila kwako wewe ndio unaamua mota iwake au isiwake.

Ndio maana mimi kwa presha kama yako napendelea rota mbili zenye umbo la namba 8 zinazozunguka pamoja ndani ya kasha moja bila kugusana na bila kugusa ukuta, zinashikwa kwenye mpangilio na gia mbili zilizo nje ya kasha. Ni mpango wa ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, waliupatia hataza mwaka 1860, na watu wengi wanaujua kama blowa ya kusukuma hewa, lakini ukiisukumia hewa yenyewe inageuka mota. Ushahidi wake uko kwenye mita za gesi za kuzunguka za viwandani, zile zinatumia rota hizo hizo na zinazunguka kwa tofauti ya presha ya milibar chache tu! Hakuna bapa, hakuna springi, ndani ya kasha hakuna oili, na haina sehemu ya kukwamia wakati wa kuanza.

Kitu unacholipa hapo ni uvujaji, na hapa ndio pa kutuliza akili. Hewa inayopenya kwenye mwanya mwembamba inaongezeka kwa kipeo cha tatu cha upana wa mwanya, yaani ukiacha milimita 0.1 badala ya 0.05 uvujaji unaweza kufika mara nane, wakati ukirefusha njia ya mwanya mara mbili unaupunguza nusu tu. Kwa hiyo hela na muda wako peleka kwenye kukereza vizuri kasha na vifuniko vya pembeni, hivyo vifuniko watu wanavisahau sana wakati mwanya wake ni mrefu kuzunguka rota nzima. Halafu unda kitu kikubwa. Mota ikikua, ujazo unakua haraka kuliko urefu wa mianya, kwa hiyo kubwa inavuja kidogo ukilinganisha na inachomeza. Mota ndogo ya kupendeza mkononi kwa presha ndogo ni ya kukuvunja moyo. Na mwendo usiuache uwe wa polepole mno, uvujaji unafuata presha na haujali mwendo, kwa hiyo ikizunguka taratibu hewa nyingi inapita bure.

Jambo jingine ambalo litakupunguzia kazi: usihangaike na valvu ya kukata hewa katikati ili gesi itanuke ndani. Kwenye bar 6 kutanuka kunaweza kukuongezea kazi zaidi ya mara mbili, lakini kwenye bar 0.2 faida yote, hata ukifanya kwa ukamilifu, haifiki asilimia 10. Acha hewa iingie wazi, itoke wazi.

Beringi tumia za mipira ya chuma zisizo na sili za mpira zinazogusa, weka mafuta mepesi badala ya grisi nzito. Shafti ukiizungusha kwa kidole ukaiachia inatakiwa iendelee yenyewe, ikisimama hapo hapo usiipelekee hewa bado, tafuta kinachoshika.

SWALI: Mkuu mimi nimeambiwa turbaini ni bora kuliko vyote, gurudumu lenye mapanga na nozeli basi. Wengine wananiambia niunde ile ya Tesla ya sahani. Ipi inafaa presha ndogo?

JIBU: Turbaini inafaa sana, na kwa presha ndogo kuna habari njema ambayo watu hawaitegemei. Tatizo la turbaini siku zote ni mwendo, panga linatakiwa likimbie karibu nusu ya kasi ya hewa inayotoka kwenye nozeli, na kwa presha kubwa hiyo ni kasi ya kutisha. Lakini kasi ya hewa inafuata kipeuo cha pili cha presha, yaani mzizi wake wa mraba. Kwa kilopaskali 20 hewa inatoka kama mita 180 kwa sekunde, panga likimbie 90, gurudumu la kipenyo cha sentimita 20 litazunguka kama mara 8,600 kwa dakika. Ukishuka mpaka kilopaskali 2, hewa ni karibu mita 58 kwa sekunde na gurudumu hilo hilo linataka mizunguko kama 2,750 tu, ambayo dainamo nyingi ndogo zinaimudu bila gia. Yaani presha ikipungua turbaini inakuwa mpole na rahisi kuunda, mwanya kidogo kati ya panga na kasha hauiumizi kama unavyoumiza rota za namba 8.

Nozeli yenyewe iwe ya kusinyaa tu taratibu, ukuta laini. Usiige zile zinazosinyaa halafu zinapanuka tena za mhandisi wa Sweden Gustaf de Laval, hizo zina maana pale presha ya ndani, ukihesabu pamoja na hewa ya kawaida, inapozidi karibu mara 1.9 ya nje. Wewe uko kwenye 1.2. Kwa lita 6 kwa sekunde na kilopaskali 20 tundu moja la milimita 6.5 linatosha, ila mapanga mengine yote yasiyo na nozeli yanabaki yanapiga hewa bure na kula nguvu, kwa hiyo kwa presha ya chini zaidi ambapo tundu linatakiwa kuwa kubwa, gawanya nozeli kadhaa kuzunguka gurudumu.

Ya Tesla, hataza yake ilitoka 1913, ni mashine nzuri ya kujifunzia na haina mapanga ya kuchonga, ila inategemea hewa ishike sahani kwa mnato wake, inataka sahani nyingi nyembamba zilizokaribiana na mwendo mkubwa. Ukitaka wati zako kwa uhakika mimi nasema gurudumu la mapanga.

SWALI: Presha yangu ni ndogo zaidi ya hiyo, kama sentimita 10 za maji tu. Kuna kitu kinaweza kuzunguka kweli?

JIBU: Kipo, tena kilishafanya kazi kwenye majumba ya watu. Piano za kujipiga zenyewe za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na mota ya hewa ya mivukuto, mivukuto kadhaa midogo imefungwa kwenye krenki moja, valvu za kuteleza zinaipa zamu, na ilikuwa inaendeshwa na mvuto wa hewa hafifu tu ili karatasi ya muziki izunguke. Mvukuto hauvuji pembeni kama pistoni na hauna msuguano wa kuteleza, unakunja ngozi tu. Sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1, ukiwa na ngozi ya mpira ya kipenyo cha sentimita 20 unapata msukumo wa kama niutoni 31, zaidi ya uzito wa kilo tatu, kutoka kwenye pumzi ambayo mdomo wako unaweza kuitoa bila shida! Tumia mitatu au zaidi ili kusiwe na mahali pa kukwama. Itazunguka polepole, na ukiitaka kwa kazi ndogo kama kugeuza kitu au kupampu kidogo ni tamu sana, ila usiidai wati nyingi, kilopaskali 1 kila lita inakupa jouli moja tu.

SWALI: Fundi, nina gesi ya samadi, inatoka na presha kidogo. Naweza kuipitisha kwenye mota kwanza halafu ndio niende kuichoma jikoni, nipate faida mara mbili?

JIBU: Hapana ndugu yangu, naomba unisikilize vizuri. Mita moja ya ujazo ya gesi hiyo kwa kilopaskali 2 ina kazi ya presha ya jouli 2,000. Ukiichoma ina kama jouli milioni 20. Ni mara elfu kumi! Hicho unachokitafuta kwenye mota ni tone, na ili ukipate unainyima presha jiko lako na unaweka shafti inayozunguka mahali ambapo gesi inaweza kuvuja, pembeni yake dainamo yenye brashi zinazotoa cheche. Ukitaka umeme kwenye gesi ya samadi, ichome ndani ya injini.

Na hili ni kwa wote mnaosoma, majaribio yote fanyeni kwa hewa ya kawaida. Methani inapanda juu na kujikusanya kwenye dari, gesi ya mitungi ya kupikia ni nzito inalala chini sakafuni, na hata naitrojeni au kaboni dayoksaidi isiyowaka ikitolewa ndani ya chumba kilichofungwa inafukuza hewa ya kupumua. Kama kuna sababu ya lazima ya kutumia gesi isiyotakiwa kutoka nje, shafti isitoboe kasha kabisa, pitisha mzunguko kwa kopulingi ya sumaku, yaani sumaku ya ndani inaivuta ya nje kupitia ukuta wa kasha.

SWALI: Mota yangu ya rota mbili inazunguka vizuri karibu na kompresa, nikiipeleka mita tano kwa mpira inalegea. Tatizo ni nini, na nitapimaje wati zake?

JIBU: Mpira wako ni mwembamba. Kwa lita 6 kwa sekunde mpira wa ndani milimita 10 unapoteza karibu kilopaskali 7 kwa kila mita, kwa presha ya kilopaskali 20 mita tatu tu zimemaliza kila kitu. Upotevu unafuata kipeo cha tano cha kipenyo, mpira wa milimita 25 unapoteza kama kilopaskali 0.1 kwa mita. Epuka kona kali na koki ndogo, na tundu la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingilia, mota ikisukumana na hewa yake yenyewe inayotoka presha inaliwa kwa nyuma.

Kupima presha huhitaji geji ya bei, geji za bar 10 hata haziwezi kuiona presha yako. Chukua mpira mwangavu, upinde kama herufi U, weka maji, upande mmoja unganisha kwenye mlango wa mota. Tofauti ya sentimita 10 ni kilopaskali 1, kwa kilopaskali 20 utahitaji urefu wa mita 2. Soma wakati mota inafanya kazi, ikiwa imesimama namba itakudanganya.

Wati pima kwa breki ya kamba: zungusha kamba kwenye puli ya shafti, ncha moja ining'inize uzito, nyingine ifunge kwenye mizani ya springi. Toa usomaji wa mizani kwenye uzito, badili kuwa niutoni, zidisha kwa nusu kipenyo cha puli kwa mita, halafu zidisha kwa 6.28 na kwa mizunguko ya sekunde moja. Ongeza uzito kidogo kidogo na andika kila hatua, kwa turbaini nguvu ya juu utaikuta karibu na nusu ya mwendo wake wa bila mzigo, ile ya rota inategemea imevuja kiasi gani. Puli ikipata joto simamisha, kamba ikianza kunuka vipimo vyako vimeshabadilika.