Wingu Likitanda, Magoti Yangu Yameshajua

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mvua ikikaribia vidole vyangu havikunjiki. Nyumbani wanasema najidekeza. Nifanyeje?"

Hujidekezi, mpendwa. Gegedu za magoti yangu, ile mito laini kati ya mifupa, zimelika miaka mingi sasa, na wingu likitanda tu naanza kushuka ngazi kiubavu, kiganja kimeng'ang'ania ukingo, goti likilia kwa! kwa! kila hatua. Daktari wa kwanza niliyemweleza habari za mvua alicheka. Akaniandikia dawa huku bado anatabasamu. Nimesamehe mengi maishani, kicheko kile bado.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, wao hawakucheka. Waliwaomba wagonjwa wa maumivu sugu waingize kwenye simu, kila siku, jinsi wanavyojisikia, kisha wakalinganisha na hali ya hewa ya pale walipo. Majibu yalitoka 2019: siku za unyevu mwingi, upepo mkali na mgandamizo mdogo wa hewa ndizo zilizouma zaidi. Tofauti haikuwa kubwa, ila ilikuwepo. Kweli, wapo waliopekua mamilioni ya ziara za wagonjwa kwa madaktari huko Marekani, wakatangaza 2017 kwamba siku ya mvua haina tofauti na siku kavu. Nami nauliza: mwenye goti bovu atoke na mvua aende wapi?

Haya, ushauri. Mvua hatuizuii, ila kujikunyata blanketini tunaweza kuacha. Baridi huufanya ute unaolainisha viungo uwe mzito, na goti lisilosogezwa ndilo linalokakamaa. Jikande kwa maji ya moto asubuhi, vaa nguo za kutunza joto, kisha tembea. Humo humo ndani ukitaka, lakini tembea. Mimi hukaa kitini nikanyoosha goti na kulikunja, taratibu, mpaka lilegee, hata siku nisizotaka kuamka.

Nanyi mnaosubiri jua litoke ndipo mfanye mazoezi, nawaambia wazi: misuli ya paja haisubiri, inanywea. Ikinywea, mzigo wote unaangukia goti. Na kilo za ziada zipunguzeni, jamani. Tembeeni!

Ila kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, na homa juu yake, hapo usiyalaumu mawingu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.