Uliza Bwana Shamba: Mbona mujaaja wangu haunuki tena?

Bwana Shamba, salaam. Miaka yote nimekuwa nikichuma mujaaja wa porini, ule mmea wa majani ya kunukia, kwenye mawe, upande wa tambarare, naukausha na kuwauzia watu wa chai sokoni Mpondwe. Mwaka jana nikaona tabu ya nini, nikang'oa miche nikaipanda nyumbani chini ya migomba. Nikatia samadi ya mbuzi, nikamwagilia. Majani sasa ni mapana, yanapendeza kuangalia, lakini harufu ni kidogo sana. Wateja wanasema nimewauzia nyasi. Je, udongo wangu ni mbaya, au mujaaja umegeuka aina? – Mama wa Bwera

Mama, udongo wako hauna kosa lolote. Umeutunza mujaaja kama mgeni wa heshima, nao umekaa kigeni: unakula, unanenepa, haufanyi kazi.

Mwombe mwanafunzi jirani kioo cha kukuzia. Chuma jani moja la nyumbani na moja la kule mawe, uyageuze, uyatazame upande wa chini kwenye mwanga. Utaona nukta ndogo zinazong'aa, zimekaa kama kwenye vishimo. Kila nukta ni kifuko cha mafuta. Harufu yote ya mujaaja imo humo. Ukipitisha kidole tu vifuko vinapasuka, ndiyo maana mkono unanuka kabla hujachuma kitu. Sasa linganisha. Kwenye jani la mawe nukta zimebanana, kwenye la migombani zimetawanyika. Vifuko vingi hupangwa jani likiwa bado changa kabisa. Likishiba maji na samadi linatanuka, na vifuko vinaachana. Umepata jani kubwa lenye mafuta yaleyale ya jani dogo, au pungufu.

La pili ni jua. Waliofanya majaribio na mrehani wa bustanini, ndugu yake mujaaja, waligundua kwamba mmea ukinyimwa mionzi ya urujuanimno, ile inayochoma ngozi, vifuko vyake havijai sawasawa. Jani la mgomba linazuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Mmea wa kivulini unapata mwanga wa kuishi, lakini haupati ule wa kuusukuma utengeneze mafuta. Na kule kwenye mawe kuna kiu ya kiasi. Mmea ukianza kukosa maji, kwanza huacha kurefuka, lakini majani yanaendelea kutengeneza sukari, na sehemu ya sukari hiyo huenda kwenye vitu vya kujilinda na wadudu na mbuzi. Mafuta ya kunukia ni mojawapo.

Lakini usiende kesho ukautesa kwa kiu. Hapa ndipo vijana wengi wenye mitambo ya mvuke ya kukamulia mafuta wanapopotea, wakidhani jani linalonuka sana ndilo lenye faida. Tuseme shamba la kiu linakupa kilo 100 za majani, na mafuta ni nusu ya asilimia moja: unapata nusu kilo ya mafuta. Shamba lililonyweshwa likikupa kilo 250 kwa asilimia 0.3, unapata gramu 750. Anayeuza mafuta kwa chupa atafuata shamba la pili. Wewe unauza majani ya chai, na mteja wako ananusa kabla hajalipa, kwa hiyo fuata la kwanza.

Basi, toa mujaaja chini ya migomba, uupande ukingoni ambako jua linapiga tangu asubuhi. Samadi tia wakati wa kupanda tu. Mwagilia mpaka ushike, kisha uuachie mvua. Kata unapoanza kutoa maua, usingoje mbegu zikauke. Kukausha ni kivulini, penye upepo, kwenye chekeche au mkeka, maana vifuko viko juu ya ngozi ya jani na jua la mchana litakunywea mafuta kabla ya mteja.

Umeuliza kama umegeuka aina. Haukugeuka. Mujaaja una koo zake, kama watu walivyo na koo. Uko unaonuka karafuu, kwa sababu umejaa eujenoli, kitu kilekile kilichomo kwenye karafuu. Uko wenye thimoli, unaonuka kama dawa ya kuchua. Mazingira yanaongeza au kupunguza mafuta na kusogeza vipimo vyake, lakini mmea wa ukoo wa karafuu hautaamka wa ukoo wa thimoli kwa sababu umehamishiwa Bwera.

Mfano mzuri kuliko yote niujuao uko mbali, kusini mwa Ufaransa, kwenye bonde la Saint-Martin-de-Londres karibu na Montpellier. Pale zaatari ya porini, mmea mwingine wa kunukia, ina koo sita. Zile kali, za thimoli na ndugu yake kavakroli, zimeshika miteremko ya mawe, yenye joto na ukavu. Zile laini zimeshika bonde, ambako baridi ya majira ya baridi hutuama. Wataalamu walihamisha miche huku na huku, na kila mche ukabaki na harufu ya ukoo wake. Kilichobadilika ni nani anapona. Baridi kali ya mapema iliwaua wale wakali, na ukavu wa mteremko ukawasumbua wale laini. Miongo ya karibuni baridi kali imelegea, na zaatari kali zimeanza kuteremka bondeni. Yaani mahali hapageuzi mmea, panachagua ukoo gani ubaki.

Kwa hiyo, mama, ukipata kichaka kinachonuka unavyotaka, kata vipandikizi vyake. Usitegemee mbegu, mbegu zinachanganya koo. Na using'oe tena kule kwenye mawe, ile ndiyo benki yako.

Mzee, nilipanda nanaa ya pepaminti hapa Fort Portal, nikanunua mtambo wa mvuke. Mnunuzi wa Kampala amepima mafuta yangu akasema mentholi, ile inayotoa ubaridi wa nanaa, ni kidogo na yana harufu chungu. Nibadilishe mbolea? – Kijana wa Fort Portal

Mwanangu, mbolea utabadilisha mpaka uchoke. Shida yako ni saa za mchana. Pepaminti imezoea nchi ambazo mchana wa kiangazi ni mrefu: huko Oregon, Marekani, mwezi wa Juni jua linakaa zaidi ya saa kumi na tano. Sisi tuko juu ya mstari wa ikweta, na mchana wetu ni saa kumi na mbili na dakika chache, Januari mpaka Desemba. Pepaminti ikipata mchana mfupi na usiku wa joto haitoi maua vizuri, inatambaa tu chini, na mafuta yake yanabaki njiani: yanajaa pulegoni na menthofurani, ambazo ndizo uchungu aliousikia mnunuzi, badala ya kufika kwenye mentholi.

Fort Portal ina usiku wa baridi kidogo, hiyo inakusaidia, na Kabale ingekusaidia zaidi. Lakini ukipanda hata mpaka kwenye barafu ya Rwenzori hutaongeza dakika za mchana. Aliyekuuzia miche angekwambia hilo kabla ya kupokea pesa.

Mtambo usiuuze. Weka mchaichai. Huo ni mtoto wa nchi za joto na haujali urefu wa mchana kiasi hicho. Mafuta yake mengi ni sitrali, ile yenye harufu ya ndimu, na yamo ndani ya jani, si juu ya ngozi, hivyo hata ukichelewa kidogo kupika hupotezi kama kwenye nanaa. Rosemari nayo inakubali sehemu za juu. Nanaa iache kwa chai ya nyumbani, humo haina ubaya wowote.

Nikate mujaaja saa ngapi? – Msomaji, Bombo

Baada ya umande kukauka, siku ambayo mvua haijanyesha jana wala juzi. Watafiti wa kaskazini-mashariki mwa Brazil walikata mujaaja huuhuu saa mbalimbali za siku: saa sita mchana mafuta yalikuwa karibu yote eujenoli, saa kumi na moja jioni ilikuwa imeshuka hadi sehemu ya kumi hivi. Kwa pua yangu mshuko wa hapa kwetu si mkubwa kiasi hicho, lakini majani ya jioni siyachukui.

Kuna tajiri anataka msandali wa milima ya Moroto, anasema wa sehemu kavu ndio wenye mafuta. Nimpelekee? – Msomaji, Moroto

Usimpelekee. Mafuta ya msandali yako kwenye moyo wa mti na mizizi, kwa hiyo kuyapata ni kuung'oa wote. Tangu 2013 msandali wa Afrika Mashariki umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, haupiti mpakani bila kibali. Tajiri akishapakia lori, atakayebaki kuhojiwa ni wewe. Ukitaka kuupanda, jua kwamba mizizi yake hunyonya mizizi ya miti jirani, hivyo peke yake haustawi. Panda na migunga pembeni, na uwe tayari kungoja miaka mingi.