Oili ya gari kuukuu asubuhi za kipupwe Dodoma

Julai ya mwaka juzi Corolla yangu ilianza kugonga. Ukiiwasha saa kumi na mbili asubuhi pale Ipagala, upepo wa kipupwe ukipiga mabati, unasikia tak-tak-tak juu ya injini kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko, na taa nyekundu ya oili inakaa sekunde nne, tano, ndipo inazima. Injini ikishapata moto, kimya. Mchana huwezi kuamini kuwa ni gari lile lile.

Ni Corolla 110 ya mwaka 1998, imeshatembea kilomita 260,000 na ushee. Miezi miwili kabla ya hapo, gereji niliyokuwa nikienda waliniambia gari likizeeka linataka oili nzito, wakaniwekea 20W-50. Nilikubali kwa sababu kila mtu husema hivyo, kuanzia muuza spea hadi shemeji yangu.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima kule Chang'ombe. Baada ya shikamoo, hakushika spana. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakiinamisha, akatazama oili inavyochuruzika kwenye ncha. "Mama, hii umeichagua au umechaguliwa?" Nikamwambia nimechaguliwa.

Maelezo yake ndiyo ninayotaka kuwapa. Gari likilala, sehemu kubwa ya oili hushuka kwenye sampo, lile karai la oili chini ya injini. Asubuhi pampu inatakiwa kuivuta hadi juu, kwenye valvu, na muda wote huo vyuma vinasuguana vikiwa karibu vikavu. Namba ya kwanza kwenye dumu, ile yenye W (herufi ya mwanzo ya neno la Kiingereza la majira ya baridi), inaeleza oili inavyotembea ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili inawahi kufika. Namba ya pili ni uzito wake kwenye nyuzi joto 100, injini ikiwa kazini. Kumbe mimi nilikuwa naangalia namba ya pili tu.

Binamu yangu anaishi Kanada, akanishauri nitie 0W-20. Kwake ni sawa. Asubuhi anaamkia nyuzi 25 chini ya sifuri. Oili ya 0W hupimwa kama injini itazunguka kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, na hata 20W hupimwa kwenye 15 chini ya sifuri. Dodoma usiku wa Julai ni kama nyuzi 13 au 14. Hakuna oili itakayoganda hapa. Lakini kutoganda si kuwahi kufika, na injini iliyolika ina nafasi kubwa kati ya vyuma, kwa hiyo ile 20 ya 0W-20, oili ikishapata moto, ni nyepesi mno kwa gari kama langu.

Tuliishia kwenye 10W-40. Fundi akabadilisha na filta, na hapo naomba msome taratibu. Ndani ya filta nzuri kuna mpira unaozuia oili isirudi yote chini gari likizimwa. Ile yangu ya bei poa mpira wake ulikuwa umekakamaa kama ganda la muhogo. Siwezi kuapa kipi kiliponya zaidi, oili au filta. Ninachojua ni kwamba kesho yake taa ilizima mara moja, na kugonga kukaisha.

Je, 20W-50 ni mbaya? Hapana. Kama gari lako linakula oili, linatoa moshi wa bluu ukikanyaga mafuta, na unapandisha mzigo mlima wa Sekenke kwenye jua la Oktoba, itakusaidia. Ila ringi za pistoni zilizokwisha hazirudi kwa oili nzito. Kwa magari mengi ya umri huu hapa mjini ningeanza na 15W-40 au 10W-40. Angalia pia alama ya daraja la oili kwenye dumu: ikiwa ni CI-4 peke yake, hiyo ni ya dizeli. Kwa gari la petroli tafuta lenye SL, SM au SN. Ukikuta SF iache dukani, hiyo ni ya injini za mwaka 1988 kurudi nyuma.

Kuliko yote hayo, pima. Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na halijawashwa: chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Oili nyeusi isikutishe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia; usiwashe, ita fundi.

Na jamani, msikanyage mafuta mkishawasha ili "injini ipate moto". Nusu dakika inatosha, kisha ondoka polepole hadi mshale wa joto upande.

Wanaokwenda Njombe au Makete wakati wa kipupwe, kule baridi ni ya kweli. Tieni 10W-40, na lita moja ya oili hiyo hiyo iwe kwenye buti.