Nina gemu sita hazijaisha, potifolio naijaza na nini?

SWALI: Habari dada. Mimi ni programa wa gemu, natumia Unity (programu ya kutengenezea gemu) na lugha ya C# mwaka wa pili huu na nimejifunza mwenyewe tu, sasa nataka kuanza kazi za frilansi. Shida ni kwamba nina projekti sita na hakuna hata moja imeisha, ile kubwa nimeikalia mwaka mzima. Kuchora sijui kabisa, gemu zangu ni maboksi ya kijivu mpaka naona aibu. Kazi ya maana niliyowahi kulipwa ni moja ila nilisaini mkataba wa kutunza siri za mteja. Sasa nionyeshe nini jamani?

JIBU: Mdogo wangu, hayo maboksi yanakutesa bure. Mteja anayetafuta programa hatafuti mchoraji, anabonyeza kitufe anaangalia kama boksi linaruka palepale au linachelewa, basi. Ukitaka sura kidogo chukua picha za Kenney, mtengenezaji wa picha za gemu, ni za bure hata kwenye gemu ya kuuza, ila usipoteze wiki hapo.

Kinachoniuma mimi ni hizo sita. Mteja wa frilansa anaogopa kitu kimoja kuliko vyote, kwamba utapotea kazi ikibaki kidogo, na potifolio ya vitu visivyoisha inamthibitishia hofu yake kabla hamjaongea. Ile kubwa iweke kando, chomoa humo kipande kimoja tu, mfano adui anavyotafuta njia, kigeuze kiwe gemu ya dakika tano yenye menyu, mwanzo, mwisho na sehemu ya kuzima sauti. Ukishindwa kujibana mwenyewe ingia Ludum Dare, tukio la mtandaoni la kutengeneza gemu kwa muda mfupi, ipo tangu 2002, kwenye kundi la Compo unafanya peke yako kwa saa 48 na kwenye kundi la Jam ni saa 72 hata mkiwa timu, muda ukiisha umeisha, utajifunza kukata mambo upende usipende. Gemu tatu zilizoisha zinakutosha kabisa.

Ziweke itch.io, tovuti ya kuweka gemu, zichezeke ndani ya brauza moja kwa moja, maana nimeshafungua linki nyingi sana za watu na ile ya kudaunlodi faili zito kwanza huwa naiacha, na najua siko peke yangu. Weka na video fupi, ianze na gemu yenyewe sio na logo yako.

Halafu hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaandika "nilitumia Unity" wanaishia hapo. Eleza tatizo na ulivyolitatua! Mfano, unataka fremu (picha za skrini) 60 kwa sekunde, maana yake kila fremu una kama milisekunde 16.7 tu, gemu ikawa inakwama kila risasi zikizidi, ukafungua Profiler, kipimo cha Unity cha kuonyesha kinachochelewesha gemu, ukakuta risasi zinaundwa na kufutwa kila mara na Unity inahangaika kusafisha memori, ukaamua kutumia tena risasi zilezile na mkwamo ukaisha. Aya moja ya hivyo inaniambia unavyofikiri kuliko picha kumi. Mlikuwa timu? Taja kazi yako tu.

Msimbo weka GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, pamoja na maelezo ya jinsi ya kuufungua na toleo la Unity ulilotumia. Ila angalia, aseti (picha, sauti na kadhalika) ulizonunua Asset Store, duka la Unity, usizipandishe kwenye ripo ya wazi, yaani hifadhi ya msimbo inayoonwa na kila mtu, leseni hairuhusu, na funguo za siri za seva zitoe kabla hujapandisha, ukizifuta baadaye zinabaki kwenye historia.

Na ile kazi ya siri usiionyeshe hata kwa mlango wa nyuma, mteja mpya akiona unavujisha ya mwenzake atajua yake nayo itavuja. Mwandikie yule mteja wako, muulize unaruhusiwa kusema nini, hata kama ni aina ya gemu na sehemu uliyoshika tu, na jibu lake litunze kwa maandishi. Akikataa, ulichojifunza pale kijenge upya kwenye gemu yako mwenyewe kuanzia sifuri, bila hata mstari mmoja wa msimbo wake.